Frilansa wa Lodwar, usifungie mbuzi wote zizi moja

Kama ulikuwa Lodwar au Kakuma Januari 2025, huhitaji kuelezwa. Jumatatu tarehe 20 Donald Trump aliapishwa Washington, na siku hiyohiyo akatia saini amri ya kusimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje kwa siku 90. Wiki iliyofuata simu za vijana huku kwetu zikanyamaza. Mpiga picha aliyekuwa na kazi tatu za Februari akabaki bila hata moja. Wakusanyaji data waliokuwa wakizunguka Kalobeyei na tableti mkononi wakaambiwa wangoje baruapepe. Watafsiri, wapiga chapa wa ripoti, wachoraji wa mabango, hadi yule MC wetu wa warsha za hotelini, kila mtu alikuwa akiangalia simu kama anayengoja matokeo ya KCSE.

Siku 90 zilipita. Kufikia Julai, USAID yenyewe haikuwepo tena.

Watu walisema Marekani imetumaliza. Sikatai. Lakini kuna ukweli mwingine usiopendeza, na nitausema kwa sababu unanihusu: wengi wetu tulikuwa tunajiita mafrilansa ilhali tulikuwa waajiriwa wa shirika moja, bila mshahara, bila likizo, bila bima na bila barua ya ajira. Tulichokuwa nacho ni namba ya simu ya afisa mmoja anayetupenda. Afisa akihamishwa, kazi imeisha. Bajeti ikikatwa, kazi imeisha.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhinda nyumbani. Nikarudi Lodwar na laptopu ya mitumba, nikaanza kupiga video na kuandika. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa na mteja mmoja. Nilimwita “bosi”. Hilo jina peke yake lingenishtua, kwa sababu frilansa hana bosi, ana wateja.

Babu yangu hakuwahi kusikia neno frilansa, lakini angetucheka. Mfugaji wa Kiturkana hafungi mali yake yote boma moja. Ngamia wanapelekwa kwenye vichaka wanavyopenda, ng’ombe wanafuata nyasi milimani, mbuzi wanabaki karibu na nyumbani. Wengine anawagawa kwa marafiki na wakwe walio mbali, ndiyo ukame ukipiga huku au wavamizi wakija kule, asiamke maskini siku moja. Mwanaanthropolojia Philip Gulliver aliandika kitabu kizima kuhusu mifugo ya Waturkana na majirani wao Wajie mwaka 1955, kwa hivyo hata maktaba zinajua hii maneno. Sisi wajukuu, na Wi-Fi yetu, ndio tumesahau.

Siku hizi nina sheria moja: mteja yeyote asiwe zaidi ya nusu ya pesa zangu za mwezi. Akianza kukaribia hapo, natafuta mwingine hata kama huyu analipa vizuri. Hasa kama analipa vizuri.

Utaniuliza, huyo mwingine atatoka wapi, Turkana hii? Ndiyo swali nililojiuliza pia. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu kila nilipoenda Kakuma. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilitoa utafiti uliochukulia kambi ya Kakuma na mji wake kama soko, si kama foleni ya chakula. Walipata biashara zaidi ya 2,000 na uchumi wa takriban dola milioni 56 kwa mwaka. Sasa piga hesabu: ni wangapi kati ya hao wafanyabiashara wana bango linalosomeka? Nani ana picha nzuri za bidhaa zake za kuweka WhatsApp? Mteja wangu wa kwanza asiye shirika alikuwa mwenye mkahawa aliyetaka menyu ya lugha tatu. Alinilipa siku hiyohiyo, pesa mkononi, akaniongezea chai. Hakuna shirika lililowahi kunilipa siku hiyohiyo. Kutoka kwake nikapata mwenye duka la nguo, kisha harusi moja, kisha mwingine. Pesa ni kidogo, lakini ni mbuzi wa zizi lingine.

Sasa tuje kwa bei, maana hapa ndipo tunapojiua wenyewe.

Kuna kazi moja nakumbuka kila nikipita kituo cha magari ya Kakuma. Shirika fulani lilitaka video ya hafla ya siku mbili. Nikaulizwa bei kwa simu. Nikasema Sh12,000, haraka haraka, kwa kuogopa wataita mwingine. Nikajiona mjanja sana. Baadaye nikakaa na kalamu. Kukodi kamera siku mbili, Sh5,000. Nauli ya kwenda na kurudi, chumba na chakula, Sh3,400. Data ya kupakia video kubwa, Sh1,000. Hizo ni Sh9,400. Nilibaki na Sh2,600, na kazi ilinichukua siku tano: mbili za kupiga, tatu za kuhariri. Ni Sh520 kwa siku. Msee wa mjengo hapo Lodwar alikuwa ananipita, na yeye analipwa jioni. Mimi nililipwa baada ya miezi minne. Hapo katikati nilikuwa naishi kwa Fuliza, na Fuliza haikai bure.

Nani wa kulaumiwa? Shirika lilichelewa, ndiyo, na sio haki. Lakini ile bei niliitaja mimi. Hakuna aliyenishikia kisu.

Kwa hivyo mtu akikuuliza bei, usijibu papo hapo. Mwambie, “Nipe saa moja nikutumie hesabu.” Hiyo saa moja itakuokoa. Andika gharama zote kwanza, hata zile unazodhani ni za bure. Kama kamera ni yako, bado inazeeka, iwekee kodi. Kisha hesabu siku zote utakazofanya kazi, si zile mteja atakazokuona tu. Watu wa huku wanaona ile siku ya kupiga picha. Usiku tatu za kuhariri, na feni inapuliza joto usoni, hawazioni. Usipoziweka kwenye bei, nani ataziweka?

Halafu arubuni. Neno la zamani hili, bibi zetu walilitumia sokoni, na sijui kwa nini sisi tunaliogopa. Nusu kabla ya kuanza, nusu ukikabidhi kazi. Najua ugumu wake. Mteja wetu mara nyingi si mgeni. Ni rafiki ya mjomba, ni mama wa kanisani, ni mzee ambaye alikulipia karo ya shule ya upili. Utamdaije mtu kama huyo pesa kabla hujamfanyia kitu? Inaonekana utovu wa adabu. Mimi niligundua kwamba shida haikuwa kuomba, ilikuwa namna ya kuomba. Usimwambie, “Sera yangu ni asilimia 50.” Hiyo ni lugha ya tangazo. Mwambie, “Mama, kamera ni ya kukodi, naomba arubuni nikaichukue kesho asubuhi.” Sijawahi kuona mama aliyekasirika kwa hilo. Anajua biashara kukushinda wewe. Yeye mwenyewe hapeani samaki wa Kalokol kwa mkopo kwa mtu asiyemjua.

Na mkikubaliana, andika. Simaanishi mkataba wa wakili. Ujumbe wa WhatsApp unatosha: kazi ni nini hasa, itakuwa tayari lini, ni pesa ngapi, marekebisho mangapi yako ndani ya bei, na pesa iliyobaki italipwa siku gani. Mwombe ajibu “Sawa”. Hiyo “Sawa” ni mali. Kenya sasa ina Mahakama ya Madai Madogo, ya madai yasiyozidi Sh1 milioni, lakini bila maandishi utamwambia hakimu nini? Kwamba mlisalimiana vizuri?

Kipengele cha marekebisho usikiruke. Bango moja nililichora mara kumi na moja kwa sababu kila mtu ofisini alikuwa na rangi yake. Siku hizi ni mara mbili, ya tatu inalipiwa. Ajabu ni kwamba tangu niseme hivyo, watu wanajua wanachotaka mapema.

Kitu kingine ambacho sikukijua: kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi uliyoagizwa na kulipwa kuifanya huwa mali ya aliyeiagiza, isipokuwa mmeafikiana vingine. Picha zako bora zinaweza kuwa si zako. Kwa hivyo ongeza mstari mmoja kwenye ule ujumbe, kwamba unaruhusiwa kuzionyesha kama sampuli za kazi yako. Kama picha ina sura za watoto au watu wa kambini, uliza zaidi ya mara moja kabla hujaipeleka Instagram kutafutia likes. Yule mtu hakukubali kuwa tangazo lako.

Hadi hapa nimeongea kama kila kosa ni letu. Sio kila kosa.

Ukiwa Kakuma utasikia habari ya akaunti za kukodi. Kijana anajua kazi, Kiingereza chake ni safi, pengine anajua na Kiarabu, Kisomali au Kifaransa, lakini akijaribu kufungua akaunti kwenye majukwaa ya kazi za mtandaoni anakwama mahali pa kuthibitisha kitambulisho au pa kupokea pesa. Karatasi zake za ukimbizi hazitambuliki kule. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi Kenya, lakini sheria ya Nairobi haifungui ukurasa wa kampuni ya California. Basi anatafuta mtu mwenye kitambulisho, anafanya kazi kwa jina la yule mtu, na mwenye jina anakata chake.

Namjua mmoja. Alifanya kazi miezi saba kwenye akaunti ya mtu wa mjini mkubwa, akimwachia asilimia 40. Akaunti ikapata nyota tano, wateja wakaanza kurudi wenyewe. Asubuhi moja nywila ikabadilishwa. Simu ya yule mtu haikushikwa tena. Miezi saba ya sifa njema, na hakuna hata moja yenye jina lake. Hata malalamiko hakuwa na pa kupeleka, kwa sababu majukwaa kama Upwork yanakataza kukodisha akaunti, angelalamika angejishtaki.

Wanaotoa mafunzo wakifika hapo huwa wanasema tu “usikodi akaunti” na kugeuza slaidi. Mimi pia nakwambia usikodi. Unajenga nyumba kwenye kiwanja cha mwenyewe. Lakini siwezi kukwambia hivyo kisha niende zangu, kwa sababu mimi nina kitambulisho cha kitaifa na wewe huna, na hiyo tofauti haikuletwa na bidii yangu. Ninachokiona kikifanya kazi ni vikundi vilivyosajiliwa, wenyeji na wakimbizi pamoja, vinavyochukua kazi moja kwa moja kutoka kwa mteja kwa jina la kikundi. Pesa inaingia kwenye akaunti ya kikundi, na mgawo umeandikwa kabla, watu wakiwa bado wanapendana. Si suluhisho kamili. Kuna vikundi vimevunjika kwa sababu ya mweka hazina mmoja. Lakini jina la kazi linabaki karibu na aliyeifanya. Na mashirika yanayopenda kupiga picha na “vijana wa kidijitali” yangefanya la maana kuliko fulana za warsha kama yangewashinikiza hao wenye majukwaa wakubali karatasi za wakimbizi.

Hata akaunti iliyo yako kabisa usiiamini kama mama. Machi 2024 Remotasks, jukwaa la kampuni ya Scale AI ambapo Wakenya wengi walikuwa wakifanya kazi ya kufunza akili mnemba, lilifunga Kenya. Watu walilala na kazi, wakaamka bila. Wateja wako, sampuli zako, na rekodi za ulicholipwa viwe mahali pengine pia, si ndani ya jukwaa tu. Mahali hapo panaweza kuwa daftari. Langu ni la kurasa 200, na limeishi kuliko simu zangu mbili.

Kuhusu kuandikia wanafunzi wa ng’ambo insha zao: nilifanya, sifichi. Mtu aliyeshindwa na karo akiwaandikia wengine digrii zao usiku kucha, ukifikiria sana unaweza kucheka au kulia. Uingereza ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya 2022, na Novemba mwaka huohuo ChatGPT ikatoka na kuimaliza bei. Usianzie hapo. Hutabaki na sampuli hata moja ya kumwonyesha mtu.

Sasa saa na stima, na nitaenda haraka. Mteja wa New York akisema 9 AM, hiyo ni saa kumi jioni yetu, na wao wakirudisha saa nyuma Novemba inakuwa saa kumi na moja. Nilishawahi kuchelewa kwa sababu hiyo tu. Mwandikie tarehe na saa ya Nairobi, athibitishe. Faida ni kwamba mchana wa Lodwar ukiwa unachemsha laptopu, wao wamelala. Fanya kazi alfajiri na usiku. Na stima ikipotea, mwambie mteja kabla ya makataa, si baada. Kabla ni taarifa, baada ni kisingizio. Hatajua kwamba ule mradi mkubwa wa upepo wa megawati 310 wenye jina la Turkana uko ng’ambo ya ziwa, Marsabit, na umeme wake unasafiri hadi Suswa ukituacha sisi na power bank. Hajali. Anataka faili yake.

Na PIN ya KRA, fungua. Ritani ni kabla ya Juni 30 kila mwaka, hata kama hukupata kitu. Faini ya kuchelewa ni Sh2,000 kwenda juu, na mashirika mengi hayakulipi bila PIN. Usimlipe mtu wa cyber kila mwaka kufanya kitu cha dakika kumi. Mafunzo ya Ajira Digital ya serikali ni bure pia, nenda. Ukiona mtu anataka Sh1,500 “ya kukusajili” kwa kazi za mtandaoni, huyo ndiye aliyepata kazi ya mtandaoni, na kazi ni wewe.

Nataka kuongea na ninyi mnaotoa kazi, maana najua baadhi yenu mnasoma. Mnalipa mafuta ya gari kabla ya safari. Mnalipa ukumbi kabla ya warsha. Chakula cha mchana kinalipiwa mapema, na soda. Kwa nini mtu wa kamera peke yake ndiye anayekopesha mradi wenu? Kijana wa Lodwar mwenye miaka 23 hana mtaji wa kufadhili shirika. Mkimlipa baada ya siku 120, mmekopa kwake bila riba, na yeye amekopa kwa riba ili awakopeshe.

Na wewe frilansa, acha kuwasaidia kufanya hivyo. Ukikubali bila arubuni, mwenzako anayeidai anaonekana mwenye kiburi. Tuko wachache hapa, tunajuana wote. Tukiwa kumi tunaosema “nusu kabla”, itakuwa ndiyo desturi ya mji.

Wiki mbili zilizopita lile shirika la ile video ya Sh12,000 lilinipigia tena. Afisa mpya, sauti ya haraka, hafla ya siku mbili Kakuma, bei ni ngapi? Nikamwambia anipe saa moja. Nikatuma hesabu: Sh34,000, kamera, usafiri, siku tano, marekebisho mawili, nusu kabla, iliyobaki ndani ya siku 14. Mkono ulikuwa unatetemeka kidogo, nakubali. Kimya siku moja. Kimya siku ya pili. Nikaenda kupiga picha za viatu kwa yule mwenye duka, nikijiambia basi, hiyo imeenda.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu ikalia: “Sawa. Tuma ankara na PIN.”